Safari ya Kiegeani na Mwanasesere wa Matambara

Ndugu msomaji, huenda jina la Kiegeani hujapata kulisikia. Si ajabu. Mimi mwenyewe nililijua jina la Mafia tu, tena kwa ajili ya nazi na samaki, na yule papa mkubwa mpole aitwaye potwe, ambaye wageni huvuka bahari kuja kumtazama. Leo nataka tufuatane mpaka kijijini huko. Lakini hatumfuati potwe. Tunafuata swali moja lililonisumbua siku nyingi: mganga akiisha kusomeshwa na kupelekwa mahali pa mbali, nani humfuata huko kutazama kama bado anakumbuka aliyofundishwa?

Njia yenyewe ni hii. Ukitoka Dar es Salaam, shika barabara ya kusini. Utapita Mkuranga, na ukifika Bungu utaiacha barabara kuu, ukunje kushoto kwenda Nyamisati. Nyamisati ni bandari ndogo iliyojificha katika mikoko ya delta ya mto Rufiji. Hapo ndipo hupandwa chombo. Siku hizi kuna kivuko cha serikali kiitwacho MV Kilindoni, na pia boti na mashua za watu. Mwanzo wa safari ni raha tupu: maji yametulia, mikoko imesimama huku na huku, na ndege weupe wanakutazama kama askari wa gwaride. Halafu mkondo unafunguka, na bahari inaanza kukuuliza asubuhi ulikula nini. Nilisafiri wakati wa kusi, kwa hiyo jibu langu lilitoka upesi.

Mama mmoja wa Mafia alinipa ndimu ninuse. "Pole, mwanangu," akaniambia, "hilo ndilo kusi." Yeye alikuwa amekaa kimya na mjukuu wake mapajani kama mtu aliyeketi barazani kwake.

Nikiwa nimeshika ubavu wa chombo nilifahamu jambo ambalo sisi tunaoishi bara hatulifahamu vizuri. Kwetu, mganga akisema, "Mpelekeni hospitali kubwa," huwa twatafuta gari, au machela, na safari imeanza. Kisiwani neno hilo ni zito zaidi. Bahari ikichafuka chombo hakiondoki, na ndege ndogo zirukazo kutoka Kilindoni kwenda Dar es Salaam si za nauli ya mkulima wa nazi. Basi yule mganga aliyeko kisiwani anayo yaliyo mikononi mwake, na ya jirani yake, mpaka bahari itulie.

Mafia si kisiwa kimoja. Kiko kisiwa kikubwa, chenye urefu wa kilomita zipatazo 50, na pembeni yake viko vingine vidogo: Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 66,000 katika wilaya nzima. Wengi wao ni Waislamu, wavuvi na wakulima wa minazi, watu wa adabu sana kwa mgeni. Makao ya wilaya na hospitali yako Kilindoni. Kutoka Kilindoni barabara ya lami inakwenda Utende, upande wa mashariki, mwendo wa kilomita kama 14. Mgonjwa wa Chole au Juani huvushwa kwa mashua hadi Utende, kisha hupelekwa kwa njia hiyo mpaka hospitali. Kiegeani iko njiani. Kwa hiyo watu wa Kiegeani husikia usiku pikipiki inayopita mbio, nao hujua kwamba kuna jambo.

Niliteremka kwenye bodaboda chini ya minazi nikapiga hodi nyumbani kwa mama mmoja niliyeelekezwa tangu Dar es Salaam. Ni mkunga mstaafu, mzaliwa wa Mafia, aliyefanya kazi bara zaidi ya miaka thelathini, kisha akarudi kwao. Hakupenda jina lake litiwe gazetini, nami nilimwahidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetapika?"

"Kidogo."

"Basi kaa. Atakayetapika zaidi ni yule asemaye hakutapika."

Akaniletea maji ya dafu. Mazungumzo yetu yalianza na habari za bei ya nazi na ya nauli, kama yapasavyo. Ndipo nilipomwuliza swali langu. Hakunijibu moja kwa moja. Aliingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa katika kanga kuukuu. Alipokifungua nikaona ni mwanasesere: mwili wa matambara yaliyoshonwa, mikono na miguu ya matambara, na kichwa cha mpira ambacho zamani kilikuwa cha mdoli wa kuchezea watoto.

"Huyu," akasema, "ndiye mwalimu wangu."

Alipomaliza chuo, aliniambia, alipelekwa kwenye zahanati moja ya bara ambayo hakuitaja. Walikuwa wawili, na mwenzake akahamishwa kabla mwaka haujaisha. Akabaki yeye, vitabu vya kuandikia na taa ya chemli. Usiku mmoja wa masika aliletwa mama kwenye kitanda cha kamba. Uzazi wenyewe haukuwa mgumu. Lakini mtoto alipotoka hakulia.

Mpira wa kumpulizia mtoto hewa ulikuwamo kabatini. Mara ya mwisho aliushika chuoni, miaka mitatu nyuma, siku ya mtihani, naye alifaulu.

"Kichwa kilijua kila kitu, mwanangu. Ungeniuliza, ningekujibu neno kwa neno. Mikono ndiyo iliyosahau. Kile kikombe cha kufunika pua na mdomo nilikiweka vibaya, hewa ikawa inatoka pembeni. Kifua hakikuinuka. Nilipofahamu kosa langu, muda ulikuwa umekwisha."

Akanyamaza. Nje mtu alikuwa akifua nazi, nasi tukamsikiliza nazi mbili tatu.

Aliandika katika kitabu, na mwisho wa mwezi taarifa ilikwenda. Ilisomeka: mtoto mmoja, amefariki. Hakuna aliyeuliza. Hilo ndilo lililomwumiza zaidi kuliko kama angegombezwa, maana mtu akikugombeza amekuona.

Mwaka uliofuata alipita daktari mzee aliyekuwa safarini kwenda kituo kingine. Hakuanza na vitabu wala hesabu ya dawa. Aliomba maji ya kunywa, kisha akasema, "Ushushe ule mpira, nikuone." Akavua koti lake, akalikunja, akalifunga kamba kufanya kichwa, akaliweka mezani. "Huyu hapumui. Haya." Yule mkunga alifanya, akakosea. Daktari akamshika mkono, akamwonyesha jinsi ya kuinua kidevu kidogo, wala si sana, na jinsi vidole viwili vinavyokaza kikombe usoni na vingine kushika taya. Kisha akasema, "Tena." Wakafanya mara kumi. Kazi yote haikuchukua nusu saa. Tangu siku hiyo kila alipopita njia ile alisimama, akavua koti. Ndipo mama huyu akashona mwanasesere wake, apate kujizoeza siku ambazo koti halipo.

"Alikuja miaka minne," akasema. "Katika miaka ile walizaliwa kwangu watoto saba waliokuwa kimya, nao walilia wote saba. Kisha akahamishwa. Aliyekuja baada yake alikagua vitabu tu."

Ndugu msomaji, usidhani ni hadithi ya mama mmoja tu. Jambo hili limepimwa, tena hapa hapa Tanzania. Iko Haydom, katika mkoa wa Manyara, hospitali kubwa ya ndugu zetu Walutheri. Mwaka 2010 wakunga wa huko walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipojaribiwa kwa mwanasesere baadaye, walifanya vizuri kuliko kwanza. Lakini walipotazamwa chumbani kwa wazazi, na watoto wa kweli, kazi haikubadilika kama ilivyotarajiwa. Somo lilikuwa limebaki darasani. Basi mwaka 2011 wakabadili namna. Mwanasesere aliwekwa pale pale wodini, na wakunga wakawa wanajizoeza dakika chache tu, lakini mara kwa mara, wiki kwa wiki. Vifo vya watoto katika siku ya kwanza ya maisha vilipungua kutoka 11 hivi katika kila watoto 1,000 hadi 7 hivi. Chumba kilikuwa kile kile, ila mikono sasa ilizoezwa kila mara.

Mafunzo ya namna hiyo yalipelekwa baadaye katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalitangazwa Februari 2025, baada ya kufuatilia akina mama na watoto wao wapatao 300,000. Vifo vya watoto katika siku ya kwanza vilipungua kwa kadiri ya 40 katika 100, na vifo vya akina mama kwa kadiri ya 75 katika 100. Nilimsomea mama wa Kiegeani hesabu hizi. Alizisikiliza, akasema, "Yule mzee wa koti alijua."

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana nchi yetu imejaribu mengi katika neno hili. Mwaka 1961, tulipopata uhuru, madaktari wenyeji walikuwa 12 tu katika Tanganyika nzima. Hapakuwa na njia ila kufundisha watu wengine, kwa muda mfupi zaidi, na kuwapeleka vijijini. Waganga wasaidizi wa vijijini walibeba nchi hii mgongoni kwa miaka mingi, na wasomaji wetu wazee wanawakumbuka kwa baiskeli zao na sanduku la dawa. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Naona redio ilifaa sana kwa watu wa visiwani, kwa kuwa sauti haihitaji chombo wala haiogopi kusi.

Kisha wakaja wahudumu wa afya wa vijiji, waliochaguliwa na vijiji vyenyewe na kufundishwa miezi michache. Hapo, tuseme kweli, sisi wanavijiji hatukufanya vizuri. Mahali pengi tuliahidi kuwalipa kitu kidogo au kuwalimia shamba. Mwaka wa kwanza tulilima. Mwaka wa pili tulisahau. Yule mhudumu akarudi shambani kwake, maana watoto wake nao hula, na sanduku la dawa likawa la kuwekea kuku. Watu wengi husema mpango ulikufa kwa ajili ya serikali. Kwa sehemu ni kweli. Lakini jembe tuliloahidi lilikuwa mikononi mwetu.

Mafia yenyewe ina sifa moja ambayo watu wa bara hawaijui. Mpango wa taifa wa kuondoa matende na mabusha ulianzia hapa, mwaka 2000. Ugonjwa ule huletwa na minyoo midogo sana iendayo mwilini kwa kuumwa na mbu, na pwani ulikuwa umelemaza watu wengi. Dawa zake mbili zilitolewa mara moja kwa mwaka, hata kwa aliyejiona mzima. Je, nani atakayeingia kila nyumba, katika kila kisiwa? Kazi hiyo ilifanywa na wanavijiji waliofundishwa kwa muda mfupi. Walichukua fimbo yenye alama, kwa kuwa dawa moja kati ya hizo hupimwa kwa kimo cha mtu wala si kwa mizani: unamsimamisha mtu kando ya fimbo, unaona alama, unahesabu vidonge. Watu walimeza kwa sababu aliyewapa alikuwa mtoto wa fulani, aliyekulia hapo hapo, nao walijua mahali pa kumpata kama dawa ikiwasumbua.

Na sasa kuna mpango mpya. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Lengo lililotajwa ni kufundisha watu 137,294 kwa miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji, mwanamume na mwanamke, kwa miezi sita kila mmoja, darasani na kwa vitendo. Kazi yao si kuzalisha wala kudunga sindano za hospitali. Ni kwenda nyumba kwa nyumba, kumjua mjamzito mapema, kumwona mtoto aliyedhoofika, kufundisha usafi, na kujua dalili za hatari zinazotaka mtu akimbizwe.

Nilimwuliza mama yangu wa Kiegeani anauonaje mpango huo.

"Mzuri," akasema. "Miezi sita mizuri. Niambie habari ya mwezi wa saba."

Sikuwa na jibu, nawe msomaji ukiwa nalo andika. Ila najua swali lake lina maana gani. Mwezi wa saba ndipo kijana anapobaki peke yake na daftari. Ndipo anapokutana na mama anayevuja damu baada ya kujifungua, ambaye aweza kufa katika saa mbili. Ndipo anapojiuliza kama kichwa kuuma na macho kuona giza kwa mjamzito ni uchovu tu, au ndio mwanzo wa kifafa cha mimba. Kama yuko mtu wa kumwuliza, hatakisia. Mwaka 1957 waganga watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege katika Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa AMREF. Watu husifu ndege zao. Mimi husifu zaidi redio za kusemezana walizoweka katika hospitali za misheni na vituo vya mbali, ili mwuguzi aliye peke yake apate kusikia sauti ya mwenzake. Siku hizi simu imo mfukoni mwa kila mtu, na wauguzi wengi wana vikundi vyao vya kuulizana. Ipo pia namba 115, isiyolipiwa, ya mpango wa m-mama uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipata hatari, ukiipiga unatafutiwa usafiri wa kumpeleka kwenye tiba. Iandike mlangoni kwako sasa, kabla hujaendelea kusoma.

Lakini simu haimshiki mtu mkono kumwonyesha jinsi ya kukaza kikombe. Kwa hilo lazima mtu aje.

Je, kijijini kwako mwuguzi analala wapi? Nyumba yake inavuja? Akiamshwa saa nane ya usiku anasindikizwa, au anatembea peke yake? Mgeni kutoka wilayani akija kumtazama, je, kamati ya zahanati huwapo kusikia, au huwapo siku ya posho tu? Mimi sijui ya kwenu. Ya kwetu nimekwenda kuyatazama tangu nirudi, nami nimeona haya.

Jioni ile alikuja mpwa wa yule mama, mwuguzi kijana ambaye kazi yake iko kwenye zahanati ya mbali. Alikuwa na siku mbili za mapumziko. Nilidhani amekuja kupumzika. Alisalimia, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akamweka mwanasesere juu ya meza. Mama akashika saa.

"Amezaliwa. Yuko kimya."

Msichana akamkausha mwanasesere kwa kitambaa, akakitupa kile kilicholowa, akamfunika kwa kikavu, akamsugua mgongo. Kimya. Akatazama mdomo, akainua kidevu, akaweka kikombe, akaanza kubana mpira. Vyote hivyo ni katika dakika ya kwanza. Ikipita hiyo, kila dakika ina gharama yake. Mimi nilikuwa nimeshika tochi, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, na naungama kwamba mkono wangu ulitetemeka kuliko wake.

"Sekunde hamsini na mbili," akasema mama. "Lakini kidevu umeinua mno. Tena."

Walirudia mara sita. Baada ya hapo msichana alitoa daftari, akamwonyesha shangazi zake wengine waliokuwa wamekuja kuketi jinsi ya kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi, nao wakajaribu kwa mjukuu aliyekuwa usingizini, mpaka akaamka akalia na darasa likavunjika.

Asubuhi nilimwuliza mama nimletee nini kutoka Dar es Salaam. Nilidhani ataomba kanga. Alifikiri kidogo, akasema kichwa cha mwanasesere kimeanza kupasuka hapa kwenye shingo, naye angependa kingine cha mpira laini, kikubwa kama ngumi mbili, na betri za tochi. Nimevipata vyote viwili Kariakoo. Nahodha mmoja wa Nyamisati amekubali kuvivusha, bahari ikitulia.